Maske Iliyokaa Kabatini

Mume wangu alikuwa fundi wa magari Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na kwa kukoroma hakuwa na mpinzani katika barabara yetu nzima. Sisemi hivi ili kumdhalilisha. Mwenyewe alijivunia jambo hilo, kwa kuwa aliamini kwamba mtu anayekoroma ni mtu aliyeshiba. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama aliyekuwa akipika vitumbua, alikuwa akiniuliza asubuhi: "Mama watoto, lori yenu imelala salama?" Nami nilimjibu kwamba imelala salama, ila imekataa kuzima.

Kukoroma kwenyewe hakukunitisha. Kilichonitisha ni pale kulipokatika. Mtu anakoroma vizuri, mara kimya. Unasubiri, bado kimya. Unaanza kumwomba Mungu. Halafu anashtuka, anavuta pumzi moja kubwa kama mtu aliyechomolewa majini, kisha anaendelea na safari yake kana kwamba hakuna lililotokea. Kimya kilipozidi nilikuwa nikimpiga kiwiko. Asubuhi analalamika kwamba mbavu zinamuuma, na mimi ninaitwa mwanamke mkali. Mkali nilikuwa kweli. Ungelala wewe kando ya mtu anayekata roho na kuirudisha, tungeona upole wako.

Aliyetuokoa ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayeishi Ubelgiji. Kabla vita havijapamba moto hapa kwetu alimwalika mdogo wake akamtembelee, na wiki ile ile akamkimbiza hospitali, maana nyumba nzima ilikuwa haipati usingizi. Wakamlaza na nyaya kichwani na kifuani. Wakamwambia kwamba akiwa usingizini koo lake linajifunga, pumzi inakwama, moyo unateseka, na kwamba wapo wenye ugonjwa huo ambao hulala wasiamke. Dawa ya kunywa hakuna. Kuna mashine ndogo inayosukuma hewa kwenye bomba, hewa inaingia katika maske ya puani, na nguvu ya hewa ile inalishikilia koo lisijifunge. Ataivaa kila alalapo, maisha yake yote.

Akarudi nayo Bujumbura akiwa ameipakata ndani ya ndege kama mtoto mchanga. Majirani walikuja kuiona na kusema mume wangu sasa analala kama rubani. Mimi sikujali maneno yao. Siku ya kwanza alipolala nayo nilisikia upepo mdogo tu, na mume wangu akipumua kama wanadamu wengine. Nililia. Alipoamka akaniuliza nimelilia nini, nikamwambia nimezikosa kelele.

Wifi alikuwa amemkaririsha masharti yake. Maske inachoka, ule mpira wake laini unakuwa mgumu, kwa hiyo ibadilishwe. Bomba nalo libadilishwe. Chujio lisafishwe, na likichakaa litupwe. Na kila baada ya miezi michache aende kontrole kwa daktari wa mapafu, achukue mashine yake na maske yake, wapime kama hewa bado inamtosha. Mjini kwetu alikuwepo daktari mmoja wa mapafu aliyesomea huko huko Ulaya, naye akakubali kumfuatilia. Mara ya kwanza mume wangu alimwendea amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amejipaka mafuta mazuri, utadhani anakwenda kuposa. Hakurudi tena.

Hapo ndipo inabidi niwaeleze mafundi wa Buyenzi walivyo. Kwao hakuna kitu kinachokufa. Gari lililofia Kongo linakuja kufufuka Buyenzi. Na kipuri kipya kikipatikana, hakifungwi. Kinawekwa kabatini ndani ya plastiki yake, halafu kile cha zamani kinabandikwa, kinafungwa waya, kinabembelezwa kwa maneno mazuri, mpaka kigome kabisa mbele ya mashahidi. Vita vilizidisha tabia hiyo. Barabara zilikuwa hazipitiki, nchi jirani zilituwekea vikwazo, ndege zikawa adimu, na mtu mwenye kitu kipya ndani ya plastiki alijiona amelala na akiba ya kweli.

Kwa wateja, lakini, alihubiri mahubiri mengine. Mimi nilikuwa mshonaji, cherehani yangu ilikaa barazani kwetu, na garaji ilikuwa upande wa pili wa barabara, kwa hiyo nilimsikia neno kwa neno. "Chujio unabadilisha mbele ya gari kuharibika!" alikuwa akimfokea mwenye teksi. "Mashini iko sawa na mutu. Inataka kontrole!" Nilikuwa nikikohoa kwa makusudi, naye alikuwa akijifanya hasikii. Mganga hajigangi, wahenga walisema, ila hawakusema jinsi inavyouma kuolewa naye.

Basi mashine ya Ubelgiji ikaanza kuwa mashine ya Buyenzi. Umeme ulipokuwa ukikatika, rafiki yake fundi wa redio aliiunganisha na betri ya lori, na hilo siwezi kulilaumu, lilitusaidia sana. Chujio lilipochakaa, akakata sponji kwenye kiti cha basi dogo. Bomba lilipopasuka, akalizungushia ukanda wa mpira wa ndani wa tairi. Mikanda ya kichwani ilipolegea niliishona mimi kwa lastiki za sketi, kazi safi ambayo ninaisifu mpaka leo. Maske ikawa ya njano, ikawa ngumu, ikamchora alama juu ya pua. Watu wakadhani ameanza kuvaa miwani.

Wifi akapata habari, akatuma maske mpya. Ilizunguka safari ndefu, ikashukia Kongo, na mwisho mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akivuka mpaka wa Gatumba akatuletea ndani ya mzigo wake wa vitenge. Nilimkumbatia mama yule kama ndugu yangu wa tumbo moja. Mume wangu aliishika maske ndani ya plastiki yake, akaiinua kwenye mwanga, akaisifu. Kisha akafungua kabati, akaiweka katikati ya vikombe vya wageni na shuka la sikukuu.

"Baba watoto," nikamwambia, "hii imeletwa uivae ama uiangalie?"

"Apana haraka, mama watoto. Ile ya zamani ingali inatumika. Akiba haiozi."

"Inatumika? Inakukata pua!"

"Pua ni yangu."

Mtu akishasema pua ni yake, mwachie pua yake.

Siku moja baada ya swala ya adhuhuri, umeme ukiwepo, nilimkuta ameketi barazani, mashine inanguruma polepole, sikio lake limebanwa kwenye ile maske ya zamani. Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtu aliyemkamata mwizi.

"Njoo usikilize," akaniita. "Unasikia? Inavuja! Mi nilikuwa najiuliza ju ya nini maske hii inachoka. Upepo yote inapotelea hapa."

Kweli, mbele ya maske, pale bomba linapoingia, palikuwa na matundu madogo madogo, na hewa ilikuwa ikitoka ikilia sss. Nikamwambia labda yaliwekwa na wenyewe walioitengeneza. Akaniangalia kwa huruma ambayo mafundi wanayo kwa sisi wengine. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta," akanijibu. Akachukua kipande cha mpira, akakisugua msasa, akapaka solusheni ile ya kubandikia tairi, akakibana kwa koleo mpaka kikashika. Kisha akaleta beseni la maji, akaitumbukiza maske na kuijaza upepo, akatazama kama kuna povu litakalotoka, kama wanavyopima mpira wa baiskeli. Pale kwenye matundu hapakutoka povu hata moja. Akainuka akapangusa mikono kwa furaha, na jioni ile aliwasimulia wenzake wote kwamba Wazungu wanatengeneza vitu vizuri ila hawamalizii kazi.

Tangu siku ile mume wangu akaanza kuharibika. Aliamka kichwa kinamgonga, macho mekundu kama ya mtu aliyelala jikoni kwenye moshi. Alitia chumvi katika chai, akainywa. Aliniita kwa jina la dada yake. Alisali akapotea katika rakaa, akaanza upya, akapotea tena. Mimi nilimtania, nikamwambia solusheni imepanda kichwani. Alikuwa akicheka, ila alicheka akiwa amechelewa, kama mtu anayetafsiriwa maneno kwanza.

Kisha ikatokea ile ya lori. Alikuwa amelala chali chini yake akifungua boliti, lori limeinuliwa kwa jeki, na mwenzake wa garaji akamwita ampe spana. Akamwita tena. Alipoinama akamkuta mume wangu amelala fofofo, mkono umeegemea ile jeki yenyewe. Akamvuta kwa miguu akipiga kelele, kwa kuwa alidhani ni maiti anayemvuta. Walimleta ng'ambo ya barabara akitembea mwenyewe, anatabasamu tabasamu la uongo, mgongo mzima umejaa mafuta machafu. Nilikuwa nashona. Nikauondoa mguu kwenye kanyagio, na utani wote ukaniishia.

"Kesho tunaenda kontrole," nikasema.

"Mama watoto, gari haiendi garaji kama ingali inatembea."

"Sawa. Basi kesho nitabeba kiti changu, nitaenda kukaa mulango wa garaji, na kila mwenye gari nitamwambia fundi wake analala chini ya gari yake."

Alinijua. Asubuhi alioga mapema bila kusukumwa.

Tuliiweka mashine katika kikapu, maske juu yake, bomba limejikunja pembeni, nikaifunika kitenge, tukapanda teksi. Kabla ya kufika hospitali tukasimamishwa kwenye kizuizi. Askari kijana akafunua kitenge changu, akaona maske na bomba, akarudi nyuma hatua moja, mkono kwenye bunduki. Siku zile hakuna aliyetaka kuwa mjinga mbele ya kitu asichokijua.

"Hii ni kitu gani? Ya gesi?"

"Ya kulala," mume wangu akasema, na jibu hilo halikutusaidia hata kidogo.

Nikaona nikimwachia yeye tutamalizia siku pale. Nikamwambia, "Baba watoto, vaa." Akavaa. Akasimama kando ya barabara, mzee mzima na kofia yake ya msikitini, maske puani, lastiki za sketi masikioni, bomba linaning'inia kifuani. Nami nikamweleza yule askari ugonjwa wenyewe, na alipokuwa haelewi, nikamkoromea. Nilikoroma pale barabarani kwa nguvu zangu zote, nikakata pumzi, nikashtuka, nikaendelea. Dereva wa teksi alijiinamia kwenye usukani. Askari akamwita mwenzake aje aone, nikakoroma tena.

"Kumbe!" yule wa pili akasema. "Mukubwa wetu njo anapashwa kuvaa hii. Kambi nzima hailale." Wakatufunikia kikapu wenyewe, wakatutakia safari njema.

Daktari alitupokea vizuri, hakuuliza tulikuwa wapi muda wote ule. Aliiangalia ile sponji ya kiti cha basi. Akalipapasa bomba na viraka vyake. Akauliza lastiki ameshona nani, nikasema mimi, akasema ni kazi safi, na nilimpenda papo hapo. Kisha akaichomeka mashine kwenye umeme, akamvalisha mume wangu maske, akaleta kiganja chake mbele ya maske. Akakihamisha kiganja kushoto, akakihamisha kulia. Akainama karibu.

"Mzee, hapa kulikuwa matundu. Yako wapi?"

Mume wangu aliivua maske ili ajibu vizuri. Sauti yake ilikuwa na fahari yote ya kazi yake. "Nimeyaziba, dogiteri. Ilikuwa inavuja sana. Nilipima na maji."

Daktari hakucheka. Akaweka kalamu yake mezani polepole, akalishika bomba. "Hewa unayovuta inaingia kwa tiyo hii. Sawa. Na ile unayotoa, inatokea wapi?"

Mume wangu aliichukua maske, akaigeuza, akaangalia kile kiraka kilichoshika vizuri mno. Mimi sijui mapafu na sijui injini, lakini niliuona uso wake ukielewa, na sikuupenda namna ulivyokuwa ukielewa.

"Nimeziba eshapima," akasema taratibu.

Bomba la kutolea moshi. Fundi aliyekuwa akiwakaripia watu kwa chujio chafu alikuwa amejifungia moshi wake mwenyewe puani, akiuvuta na kuurudisha, wiki baada ya wiki. Daktari akaeleza kwamba pumzi iliyotumika ni sumu ikirudi ndani, ndiyo iliyokuwa ikimpiga kichwa na kumlaza mchana. Akasema kilichomwokoa ni uzee wa maske, kwa sababu mpira wake mgumu haukuwa ukikaa vizuri usoni, na hewa chafu kidogo ilikuwa ikiponyokea pembeni. Ingekuwa bado inabana vizuri, angeweza kulala asiamke. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga.

Daktari akampima uzito, akaona umeongezeka, akaongeza nguvu ya hewa katika mashine. Akasema bomba na chujio atavitafuta kwa njia zake. Kisha akauliza kama hakuna maske nyingine.

"Iko," mume wangu akasema. "Iko kwa kabati. Mupya."

Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Unamuwekea nani, mzee?"

Nilingoja nisikie akiba haiozi. Haikuja. Mume wangu alikaa akiikunjakunja kofia yake magotini, na aliposema, hakuwa fundi tena.

"Dogiteri, ile njo ya mwisho. Barabara zimefungwa, ndege hazikuje. Dada yangu naye anazeeka. Mi nikifungua ile, siku ingine itaisha. Sasa nyuma yake kutabaki nini? Kama iko kwa kabati, minajua iko. Nalala nikijua iko."

Miaka yote ile nilidhani ni ubahili wa mafundi na kichwa kigumu cha ukoo wao. Kumbe mtu alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa nalala ubavuni mwake. Daktari naye hakumkaripia. Alisema hakuna mtu katika mji huu ambaye hajaficha kitu cha mwisho mahali. Akasema pia kwamba maske iliyo kabatini haimpumulii mtu. Atarudi mwezi ujao, na mwezi unaofuata, aje na vitu vyake vyote, na solusheni aiache garaji.

Tulipofika nyumbani alifungua kabati, akaitoa maske, akakaa nayo kitandani ndani ya plastiki yake. Alikuwa na usingizi mpaka kichwa kinamwinamia, na bado hakuifungua.

"Na hii ikiisha?" akaniuliza.

"Hii ikiisha tutatafuta ingine. Tutatafuta Kongo, tutatafuta Ulaya, nitaenda kukoroma mbele ya kila askari mpaka ipatikane." Nikaigusa ile plastiki. "We ukiisha, baba watoto, mi nitatafuta wapi?"

Nikaenda barazani nikachukua mkasi wangu wa vitambaa, ambao sikuwahi kumruhusu mtu, hata yeye, autumie kukatia kitu kingine, nikampa. Alinitazama kuhakikisha kwamba ninajua ninachompa. Kisha akakata plastiki, taratibu, toka pembe mpaka pembe, akaichomeka maske kwenye bomba, akaivaa, akawasha mashine, akalala. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikaweka kiganja mbele ya vile vitundu vidogo. Pumzi yake ikatoka ikanigusa, ikapungua kidogo, ikatoka tena, ya moto.